Je, wajua kwa nini mwanaakiolojia huamini daftari kuliko kigae?

Okota kigae cha bakuli la Kichina ufukweni Kunduchi, Dar es Salaam, umpelekee mtaalamu. Atakutajia aina yake, na pengine karne kilipotengenezwa. Kilifikaje pale, nani alikitumia, kilitupwa lini? Hayo hayamo kwenye kigae. Yamo kwenye udongo uliokizunguka, na udongo huo huchimbwa mara moja tu. Ukishapita kwenye chekeche haurudi ulivyokuwa. Kinachobaki ni maandishi ya aliyechimba. Kwa hiyo mwenye mamlaka ni yule anayeshika penseli pembeni ya shimo.

Kazi huanza kwa kuweka alama moja isiyosogezwa, ambayo vina vyote hupimwa kutoka hapo. Mraba huzungushiwa kamba, tuseme mita 2 kwa 2, kisha udongo hukwanguliwa kwa mwiko tabaka kwa tabaka. Tabaka nene hugawanywa kila sentimita 10. Kila mfuko huandikwa shimo, tabaka, kina na tarehe papo hapo. Usioandikwa ni wa kutupa.

Makosa huingia kimyakimya. Chekeche ya matundu ya milimita 5 hupitisha shanga za kioo za milimita 3, na ripoti itasema shanga hazikuwepo. Kaa wa pwani huchimba na kuteremsha vitu vidogo hadi tabaka la kale. Mkaa ukipimwa umri kwa kaboni hueleza mti ulikuwa hai lini, si moto uliwashwa lini. Boriti ya mkoko iliyotumiwa mara mbili itakudanganya vizuri kabisa.

Lakini kosa zito hutangulia mwiko: kuchagua pa kuchimba. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo mwaka 1974, alishughulika sana na majengo ya mawe, na kwake miji ya pwani ilikuwa hasa kazi ya watu waliotoka ng'ambo. Sasa, nyumba ya miti na udongo haiachi ukuta. Palipokuwa na nguzo hubaki duara la udongo mweusi, pana kama sentimita 10 au 15, linaloonekana vyema sakafu ya shimo ikiwa imetoka tu kukwanguliwa na ingali na unyevu. Jua la saa sita likiikausha, rangi hufifia. Anayetafuta mawe atalikanyaga na kupita.

Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba mji wa kale wa Shanga, kule Kenya, miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti ya miti, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye alifuatilia vigae vya kienyeji vyenye michoro ya pembetatu, vinavyopatikana pwani na bara, akavihusisha na wafua chuma waliotangulia. Wapo wanaompinga, na wanaweza kufanya hivyo kwa hoja kwa kuwa michoro ya matabaka imechapishwa. Hata vinasaba havijamaliza ubishi wa nani aliyejenga miji hiyo: utafiti wa 2023 katika jarida la Nature, uliopima mabaki ya watu 80, ulionyesha mchanganyiko wa nasaba za Kiafrika na za Asia, hasa Uajemi. Ila anayezikwa jirani na msikiti wa mawe si lazima awakilishe mji mzima.

Kisheria, huchimbi bila leseni. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 huhesabu kifaa kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa ni masalia, mpaka uliowekwa na sheria tu. Kwa hiyo fundi wa msingi wa nyumba Kunduchi au Mbweni akikutana na vigae, asivikusanye kwenye ndoo. Asimamishe jembe, apige picha ikiwa na rula kando, aandike kina kutoka juu ya ardhi, na kuwaarifu watu wa Mambo ya Kale vikiwa bado mahali pake.