Asilimia 15 ya Bodi Si Riba, Wazazi Wenzangu

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, dawati la mikopo la chuo hujaa wazazi, na haupiti msimu bila mmoja wao kuniambia: "Afisa, mwanangu sitaki akope Bodi. Wana riba ya asilimia 15. Nimeshachukua mkopo wangu benki, tumemalizana." Anasema huku akitabasamu, kama aliyeukwepa mtego. Mwaka huu sentensi hiyo nimeisikia mpaka imenichosha, na safari hii nataka kuijibu kwa maandishi ili mwakani nimpe mtu asome wakati nahudumia foleni.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) haitozi riba ya asilimia 15. Asilimia 15 ni makato. Mhitimu akishaajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi na kuiwasilisha Bodi ili deni lipungue. Ukikatwa shilingi 105,000, deni linashuka kwa shilingi 105,000. Riba hupandisha deni, makato hulishusha. Sijui nilisemeje zaidi ya hapo, ila nina hakika wiki ijayo atakuja mwingine na riba yake ya 15.

Sitawalaumu wazazi kwa kila kitu, maana uvumi huu una mzazi wake. Hadi mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8. Sheria ikarekebishwa, yakapanda hadi 15, na watumishi ambao bajeti zao zilikuwa zimezoea 8 wakajikuta mwisho wa mwezi hauna mwisho. Juu ya hapo kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo, na yenyewe iliongezwa kwenye deni. Kwa mwenye deni kubwa na mshahara mdogo, tozo ile iliweza kumeza makato yote: anakatwa Januari hadi Desemba, akiangalia salio, deni liko palepale au limenona. Waliolalamika walikuwa na sababu.

Lakini tozo ile ilifutwa. Rais Samia alitangaza hilo kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, utekelezaji ukaanza Julai mwaka huohuo, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa ikaondoka pia. Iliyobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Tatizo ni kwamba kaka mkubwa aliyekatwa mwaka 2018 bado anasimulia sebuleni, na familia inamsikiliza yeye kuliko mwongozo wa mwaka huu.

Asiyeniamini atafute ndugu mtumishi mwenye deni la Bodi, amwombe salari slipu mbili za miezi inayofuatana. Aangalie mstari wa HESLB, kiasi kilichokatwa na salio lililobaki. Apige hesabu ya kutoa. Salio la mwezi wa pili litakuwa limepungua kwa kiasi kilekile kilichokatwa. Kisha ashuke kwenye mstari wa mkopo wa benki na kuuliza kati ya rejesho lile ni shilingi ngapi zinazogusa deni lenyewe na ngapi zinakwenda kwenye riba. Miezi ya mwanzo jibu linauma.

Sasa tuhesabu, maana wengi wanalinganisha kwa hisia. Tuseme kijana atahitaji milioni 6 kwa miaka yake mitatu. Mzazi akizikopa benki kwa mshahara wake, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka kwenye salio linalopungua (riba za benki zetu kwa wastani huzunguka hapo), kwa miaka mitano, atarejesha kama 142,700 kila mwezi. Mpaka amalize atakuwa ametoa karibu milioni 8 na laki tano na sitini, bado bima ya mkopo na ada za kufungua faili. Na rejesho la kwanza linakatwa mwezi unaofuata, kijana akiwa bado anatafuta ukumbi wa mhadhara wa kwanza.

Kiasi hichohicho Bodi, pamoja na asilimia 1, ni 6,060,000. Marejesho yanasubiri kijana amalize chuo. Akiajiriwa kwa mshahara wa msingi wa 700,000, atakatwa 105,000 kwa mwezi na deni litaisha kabla ya kutimiza miaka mitano. Kumbuka pia mfumuko wa bei: hata ukiwa wa asilimia 3 tu kwa mwaka, shilingi atakayorejesha ni nyepesi kuliko aliyopokea. Mkopo usio na riba katika nchi ambayo mchele unapanda bei ni nafuu kuliko unavyoonekana kwenye karatasi.

Kwa hiyo yule mzazi anayetabasamu amefanya nini? Amekopa kwa asilimia 15 ya kweli ili kukimbia asilimia 15 ambayo si riba. Halafu mshahara wake umebanwa miaka mitano, na mdogo wake huyu kijana akifika kidato cha tano nyumbani hakuna pa kukopa tena.

Sisemi mkopo wa benki haufai. Una kazi yake, na kazi hiyo ni kuziba pengo. Ushauri wangu, na wenzangu ofisini wameshachoka kuusikia: omba Bodi kwanza, subiri majibu, pengo likijulikana ndipo utafute hela ya pengo tu. Anza na akiba, kisha SACCOS ya kazini kama wewe ni mwanachama, benki iwe ya mwisho. Kukopa benki mwezi wa sita kwa ajili ya ada ambayo huenda Bodi ingelipa ni haraka isiyo na baraka.

Kuna uvumi mwingine, naupitia upesi.

"Amepata mkopo, basi ada imelipwa." Fungua akaunti yake ya SIPA, ile ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Bodi, usome mgawanyo, kipengele kwa kipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Wapo waliopangiwa chakula na malazi, ile bumu ya shilingi 10,000 kwa siku, na kwenye ada wakapewa sehemu tu. Bumu ikiingia wanasherehekea, wiki ya mitihani wanakuja kwangu wakiuliza kwa nini majina yao yamezuiwa.

"Samia Scholarship ni mkopo wenye jina zuri." Hapana. Ni ruzuku, hairudishwi. Ilianza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Kama mwanao alisoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na anakwenda sheria, haimhusu, hata awe na daraja la kwanza la pointi tatu. Rudi kwenye mkopo.

"Bila mtu ndani hupati." Hili linaniudhi karibu sawa na lile la riba. Maombi ninayoyaona yakikwama hukwama kwa mambo ya kawaida kabisa: cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa na wakala wa usajili, RITA (kwa Zanzibar ni ZCSRA), jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la kidato cha nne, yatima hakuambatisha cheti cha kifo cha mzazi, au fomu imepakiwa bila saini na muhuri wa serikali ya mtaa. Mara nyingi ni kazi ya kijana wa steshenari aliyejaza fomu ishirini siku hiyo na nambari ya simu akaweka yake. Umelipa 30,000 ya maombi, kaa hapo hapo usome kila ukurasa kabla hajabonyeza. Na kaa na nakala.

"Aliyesoma shule ya kulipia asijisumbue." Shule aliyosoma huangaliwa wakati wa kupima uwezo wa familia, ni kweli. Lakini kama alikuwa akilipiwa na mfadhili, kanisa au taasisi, uthibitisho wa ufadhili huambatishwa, na hapo ndipo watu wanapozembea. Wanaacha Bodi iamini kwamba baba mwenye duka la chumvi ndiye aliyekuwa akilipa milioni mbili kwa mwaka.

"Diploma hawakopeshwi." Habari ya zamani. Kuanzia 2023/2024 wapo wanaokopeshwa, ila kwa fani za kipaumbele, afya na ualimu wa sayansi zikiwemo. Angalia mwongozo wa mwaka husika kabla ya kuchagua kozi, si baada ya kudahiliwa.

"Usipoajiriwa hulipi." Huyu namjibu kwa sauti ya chini kwa sababu kwa kawaida anayesema hivyo ni kijana mwenyewe, na mama yake amekaa pembeni. Marejesho ni wajibu wa kila mnufaika baada ya miezi 24 tangu kumaliza masomo, awe ameajiriwa au amejiajiri, hata kama ni bodaboda au duka la mitandaoni. Asiye na mwajiri wa kumkata analipa mwenyewe kwa namba ya malipo kutoka akaunti yake ya Bodi. Na kwenye ile fomu kuna ukurasa wa mdhamini, wenye picha, namba ya kitambulisho na saini. Kwa wengi waliopita mezani kwangu, picha ile ni ya mama.