Asili ya Waafar: mifupa, mdomo na nasaba

Anayetafuta asili ya Waafar, watu wa Ethiopia, Eritrea na Jibuti, hukutana kwanza na mifupa ya Lucy, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, iliyofukuliwa Hadar, bonde la mto Awash nchini Ethiopia, mwaka 1974. Ina umri wa takriban miaka milioni 3.2, na spishi yake ikapewa jina Australopithecus afarensis. Hapo wengi huteleza. Jina hilo ni la eneo, si la kabila. Isitoshe, kielelezo rasmi kilichotumika kuitambulisha spishi hiyo mwaka 1978 ni taya lililotoka Laetoli, Tanzania. Lucy hana la kutueleza juu ya Waafar kuliko alilo nalo juu ya Wamasai au Wachaga.

Ushahidi wenye uzito uko mdomoni. Waafar huiita lugha yao Qafar af, na af ni mdomo. Msomali naye husema af, Muoromo husema afaan. Kiafar ni lugha ya Kikushi cha Mashariki, na ndugu yake wa tumbo moja ni Kisaho cha Eritrea. Kisomali, Kioromo na Kirendile cha Kenya ni binamu zake; Kiiraqw cha Mbulu ni wa ukoo huohuo, ila wa tawi la mbali. Undugu wa namna hii huchukua maelfu ya miaka kujengeka, kwa hiyo chimbuko la lugha hizi ni Pembe ya Afrika yenyewe, zamani sana kabla ya Uislamu.

Tahadhari kwa msomaji wa maandishi ya Kiafar: q husimama badala ya ain ya Kiarabu (ع), sauti ya kooni, c ni ha nzito (ح), na x ni d inayotamkwa kwa kukunja ulimi nyuma. Kisomali kimepanga vingine: c ndiyo ain, x ndiyo ha nzito. Ukisoma Qafar kama "Kafar" umekosea. Kwa sababu hiyohiyo, dai kwamba jina hili limetokana na afar ya Kisomali, yaani nne, halisimami: neno la Kisomali halina ain, na Waafar wenyewe nne huiita fereyi.

Kisha kuna nasaba. Koo za watawala husimulia babu yao Hadal Mahis, mtu wa Arabuni aliyekutwa juu ya mti. Msomaji wa pwani yetu atakumbuka mara moja masimulizi ya Washirazi. Bahari ya Shamu pale Bab el Mandeb ina upana wa kilomita 30 hivi, basi watu walivuka kweli, wakaoa na kuoana. Lakini simulizi hiyo inahalalisha kiti cha sultani na kuonyesha nguvu ya dini na biashara. Haielezi chimbuko la watu wote.

Katika maandishi, mwanajiografia Ibn Said wa karne ya 13 anawataja Waafar kwa jina Danakil, wingi wa Kiarabu wa Dankali. Mwaka 1577 uimamu wa Harar ulihamia Awsa, mahali Awash inapoelekea kufia jangwani, na mwaka 1734 Kedafu wa ukoo wa Kiafar wa Mudaito akatwaa madaraka huko. Chumvi ya nyanda za chini za Danakil ilipanda milimani kwa ngamia, ikatumika Ethiopia kama fedha kwa jina la amole.

Ufaransa ilipata Obock (Jibuti ya leo) mwaka 1862, kampuni ya Kiitalia ikanunua ardhi Assab (Eritrea ya leo) mwaka 1869, na Menelik, mtawala wa Ethiopia, akaidai iliyobaki. Ndiyo maana Waafar leo wako Ethiopia, Eritrea na Jibuti.

Anayepekua nyaraka za zamani asitafute "Afar" peke yake. Waarabu na Wazungu waliandika Danakil, jina ambalo wenyewe hawalipendi; Waamhara walisema Adal. Na nyaraka za Kifaransa za 1967 hadi 1977 zinazotaja "eneo la Waafar na Waisa" (Waisa ni ukoo wa Kisomali) zinaizungumzia Jibuti.