Linux imegoma kuwaka kwenye laptopu ya zamani: dhana potofu na ukweli

Laptopu ikikwama baada ya kuwekewa Linux, mara nyingi mfumo wenyewe ni mzima. Kilichokwama ni hatua moja kati ya nne: fimwea (programu ya ndani ya laptopu, yaani BIOS au UEFI) kutafuta diski, GRUB (programu inayoiita Linux) kusoma menyu yake, kerneli (kiini cha Linux) na initramfs (mfumo mdogo wa kuanzia) kuingia kwenye RAM, kisha systemd (msimamizi wa huduma) kuunganisha patisheni, yaani sehemu za diski, na kuwasha huduma. Skrini hukuonyesha hatua yenyewe. "No bootable device" ni ya kwanza, `grub rescue>` ya pili, `(initramfs)` au "Kernel panic" ya tatu, "emergency mode" ya nne. Soma maandishi hayo kabla ya kugusa chochote.

"Ikigoma, futa usakinishe upya"

Huu ndio ushauri unaopoteza muda wa watu wengi zaidi. Laptopu nyingi za miaka ya 2010 hadi 2013, kama ThinkPad X220 ya 2011, zina njia mbili za kuwaka: ya zamani ya BIOS, ambayo kwenye mipangilio huitwa Legacy au CSM, na UEFI. Flashi moja inaweza kuwaka kwa njia yoyote kati ya hizo, na kisakinishi hufuata njia uliyoingilia. Ukisakinisha kwa UEFI, GRUB hukaa kwenye patisheni ndogo ya FAT32. Mpangilio ukiwa Legacy, fimwea haiigusi patisheni hiyo. Ukisakinisha upya kwa namna ileile, unarudia kosa lilelile.

Washa kwa flashi, fungua terminali, uandike `ls /sys/firmware/efi`. Ikitoka orodha, umeingia kwa UEFI. Ikisema "No such file or directory", umeingia kwa Legacy. Kisha `sudo parted -l` itakuonyesha kama diski imegawanywa kwa mtindo mpya (`gpt`) au wa zamani (`msdos`), na kama ina patisheni yenye alama ya `esp`, ambayo ndiyo ile ndogo ya FAT32. Ikiwa diski ina `esp` na fimwea imewekwa Legacy, anza kwa kubadilisha mpangilio wa fimwea. Ni kazi ya dakika moja.

Laptopu isiyo na UEFI kabisa inaweza kuwaka kutoka diski ya GPT, lakini GRUB inahitaji patisheni ya MiB 1 isiyo na mfumo wa faili, yenye alama ya `bios_grub`. Zipo BIOS zinazoikataa diski ya GPT hata hapo, mpaka uendeshe `sudo parted /dev/sda disk_set pmbr_boot on`.

Kosa jingine hutokea kwenye ukurasa wa kisakinishi unaouliza GRUB iwekwe wapi. Mtu huchagua `/dev/sdb`, ambayo ni flashi. Dalili yake haifichiki: laptopu inawaka flashi ikiwa imechomekwa tu.

Kuirudisha GRUB hakugusi mafaili yako. Kwenye Debian, Ubuntu au Mint, ikiwa mfumo uko `sda2` na `esp` ni `sda1`, washa flashi kwa njia ileile utakayotumia kila siku, kisha:

```
sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
grub-install /dev/sda
update-grub
```

Kwa Legacy, ruka mstari wa pili. UEFI za mwanzo zina kasoro yake: baadhi hupuuza jina la "ubuntu" au "debian" kwenye orodha ya kuwakia, zikatafuta faili la `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI` tu. Hapo ongeza `--removable` kwenye `grub-install`.

"Skrini nyeusi maana yake mfumo haujawaka"

Chukua tochi, umulike skrini kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, mfumo umewaka na taa ya nyuma ya skrini ndiyo imezimwa; jaribu kigezo cha `acpi_backlight=vendor` au `acpi_backlight=native`. Usipoona kitu, shuku kiendeshi (programu inayoendesha kifaa) cha kadi ya picha, hasa kadi za Nvidia na AMD za zamani.

Vigezo hivyo huwekwa kwenye menyu ya GRUB. Shikilia Shift (Legacy) au bonyeza Esc (UEFI) wakati wa kuwaka, bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza kigezo, kisha F10. `nomodeset` huwasha laptopu nyingi, na kwa sababu hiyo watu huiacha humo milele. Tunashauri usifanye hivyo: inaizuia kerneli kutumia kiendeshi halisi cha picha, hivyo video hukwamakwama na mwonekano hubaki duni. Itumie kuingia tu, kisha usakinishe kiendeshi kinachofaa.

"Lazima uzime Secure Boot"

Secure Boot ni ulinzi wa UEFI unaoruhusu kuwaka programu zilizotiwa saini tu, na laptopu nyingi za kabla ya 2012 hazina hata kitu hicho. Kwa zilizo nacho, Ubuntu, Fedora, na Debian kuanzia toleo la 10 (2019), huwaka bila kukizima. Kinachokwama ni viendeshi visivyokuja na kerneli, kama vya Nvidia au Wi-Fi ya Broadcom, pale mtu anapoiruka skrini ya buluu ya kusajili ufunguo wa kutia saini viendeshi hivyo.

"Betri ndogo ya ndani ni ya saa tu"

Betri hiyo, CR2032 ya volti 3, ikichoka, laptopu nyingi husahau pia mpangilio wa kuwakia. Jana iliwaka kwa UEFI, leo imerudi Legacy, na lawama zinaenda kwa Linux. Tarehe ikirudi nyuma, `apt` nayo hulalamika kuwa faili la Release "is not valid yet". Ipime kwa mita. Ikiwa chini ya volti 2.7, ibadilishe. Kwenye laptopu mara nyingi ina waya na plagi ndogo, kwa hiyo nunua ya aina hiyo. Chomoa chaja na betri kuu kwanza.

"Emergency mode ni diski kufa"

Huenda ni mstari mmoja tu ndani ya `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya patisheni za kuunganishwa. Ukifuta patisheni ya zamani, UUID yake (namba ya utambulisho) hubaki humo, na systemd huisubiri sekunde 90 kabla ya kukata tamaa. Linganisha na matokeo ya `sudo blkid`, rekebisha, na patisheni zisizo za lazima uziwekee `nofail`, ili zikikosekana zisizuie kuwaka.

Ukiangukia kwenye `(initramfs)`, andika `exit` usome kosa lenyewe. Likitaja mfumo wa faili, usikimbilie `fsck -y`, amri ya kuukarabati. Washa kwa flashi, uendeshe `sudo smartctl -a /dev/sda` (kifurushi ni `smartmontools`), utazame `Current_Pending_Sector`, yaani idadi ya vipande vya diski vinavyoshindwa kusomeka. Ikiwa ni sifuri, `fsck` ina nafasi nzuri. Ikiwa inapanda kila ukipima, nakili mafaili yako kwanza, kisha tafuta SSD ya SATA ya inchi 2.5.