Kuwasha gari dakika kumi hakujazi betri

Hapa Tanga wengi huamini kwamba gari lililoegeshwa muda mrefu likiwashwa dakika kumi kila asubuhi, betri hubaki imejaa. Kwa gari la kulala safarini, lenye betri ya injini na nyingine ya taa na friji, huaminiwa kuwa zote mbili zinajaa.

Ni kweli altaneta, kifaa kinachozungushwa na injini kuzalisha umeme, huchaji betri. Ila injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta hutoa umeme kidogo, na betri ya asidi hupokea chaji polepole kadiri inavyokaribia kujaa. Sehemu ya mwisho huchukua saa kadhaa. Ikikaa nusu tupu kwa wiki nyingi, bamba zake huota ukoko wa salfeti. Hilo ndilo linaloua betri nyingi mapema, na inauma kwa sababu linazuilika.

Pima mwenyewe kwa mita ya fundi ya kupimia volti. Zima kila kitu, iache betri ipumzike saa chache, kisha gusisha waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Volti 12.6 imejaa, 12.2 ni karibu nusu. Halafu washa injini, upime betri ya pili. Namba isipopanda, huenda altaneta haiifikii kabisa. Mwone fundi umeme. Gari likikaa, chaja ya nyumbani au sola juu ya paa hufaa zaidi.