Kura za umma na umbo la galaksi: kazi iliyoko kati ya picha na matokeo

Mtu akionyeshwa picha ya galaksi na kuulizwa kama ni laini au ina mikono, hujibu kwa sekunde chache. Jibu hilo moja halimsaidii sana mtafiti. Lakini majibu 40 ya watu 40 wasiojuana, juu ya picha ileile, tayari ni kipimo: kina thamani yake, kina kiasi chake cha kosa, na kinaweza kuingia kwenye hesabu za jinsi galaksi zilivyokua. Hatua zinazoligeuza jibu kuwa kipimo ndizo ninazotaka kuzieleza hapa. Miradi ya kushirikisha umma katika astronomia husifiwa kwa wingi wa washiriki, ilhali hatua hizi, ambazo ndizo zinazoamua kama muda wa washiriki hao umetumika vizuri, hazitajwi.

Mfano nitakaoufuata ni Galaxy Zoo, mradi ulioanza Julai 2007 ukiongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzao wa vyuo vingine. Picha zilitoka Sloan Digital Sky Survey, upimaji wa anga uliofanywa kwa darubini yenye kioo cha kipenyo cha mita 2.5 iliyoko Apache Point, New Mexico. Galaksi za kupangwa zilikuwa karibu 900,000. Kevin Schawinski, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu, alikuwa amepitia takriban 50,000 kwa macho yake mwenyewe. Hata kama angezimaliza zote, tungebaki na maoni ya mtu mmoja, bila njia ya kujua ni wapi alichoka. Umma ulipokaribishwa, katika siku ya kwanza tu kura zilifikia 70,000 kwa saa, na katika mwaka wa kwanza zilipita milioni 50 kutoka kwa watu wapatao 150,000.

Kwa nini tusitumie rangi tu, ambayo kompyuta huipima mara moja? Kwa kawaida galaksi ya duaradufu ni nyekundu kwa kuwa nyota zake ni kongwe, na ya spirali, yaani yenye mikono iliyojipinda, ni ya buluu kwa kuwa bado inaunda nyota. Lakini zipo spirali nyekundu na duaradufu za buluu, na hizo ndizo zinazotuambia kwamba umbo na uundaji wa nyota havibadiliki kwa pamoja. Ukilikisia umbo kutokana na rangi, umezifuta kabla ya kuanza kuzitafuta.

Kazi huanza na picha yenyewe, na hapo ndipo miradi mingi hukosea mapema. Darubini haipigi picha ya rangi. Inapima mwanga kupitia vichujio, kimoja baada ya kingine, na rangi huwekwa baadaye na programu. Katika picha za Sloan zilizotumika, kichujio kiitwacho g kilipewa buluu, cha r kikapewa kijani, na cha i kikapewa nyekundu. Kumbuka mpangilio huo, nitaurudia mbele. Tatizo la pili ni mng'ao. Kiini cha galaksi hung'aa mara nyingi zaidi ya mikono yake, kwa hiyo ukiionyesha picha kwa mizani ya kawaida utapata ama kiini kizuri na mikono isiyoonekana, ama mikono mizuri na kiini kilichoungua kuwa doa jeupe. Dawa yake ni mizani isiyo nyoofu, ambayo huacha sehemu hafifu jinsi zilivyo na kubana sehemu angavu kama logi inavyobana namba kubwa. Uwiano wa vichujio vitatu lazima ubaki uleule katika kila pikseli, la sivyo rangi ya kiini itapotea.

Kisha kuna ukubwa. Ukikata kila picha kwa upana uleule wa anga, galaksi ndogo itaonekana kama nukta na mpiga kura atabonyeza "laini" kwa kukosa la kufanya. Picha zikatwe kulingana na ukubwa wa galaksi yenyewe. Na zisibanwe sana zinapohifadhiwa: mbano wa faili hutengeneza miraba midogo kwenye sehemu hafifu, na jicho la binadamu, linalopenda ruwaza, litaiona kama mikono.

Swali nalo lina ufundi wake. Awamu ya kwanza ilikuwa na vitufe sita: duaradufu, spirali inayofuata mwendo wa saa, spirali ya kinyume chake, spirali inayoonekana kwa ubavu au isiyoeleweka inazungukia wapi, galaksi zinazogongana, na nyota au "sijui". Awamu ya pili, iliyoanza 2009, ilitumia mti wa maswali 11 wenye majibu 37, na swali linalofuata lilitegemea jibu lililotangulia. Mti kama huo hutoa maelezo mengi sana, ila una gharama ambayo wapangaji husahau. Watu 40 wakianza, na nusu wakasema galaksi ni laini, swali la idadi ya mikono litajibiwa na 20 tu. Hivyo usisome kamwe asilimia ya swali la chini bila kutazama ni wangapi walilifikia. Na kila swali liulize jambo moja. "Je, ina mikono na kiini kikubwa?" ni maswali mawili, na anayesema "hapana" hujui amekataa lipi.

Kura ngapi zinatosha? Hesabu yake ni fupi. Watu wakigawanyika nusu kwa nusu, kosa la nasibu la sehemu ya kura ni mzizi wa 0.25 gawanya kwa idadi ya kura. Kwa kura 10 ni asilimia 16, kwa 40 ni 8, kwa 160 ni 4. Ili kupunguza kosa kwa nusu unahitaji kura mara nne, na kura hizo zingeweza kwenda kwenye galaksi nyingine. Galaxy Zoo ya kwanza ilipata wastani wa kura 38 kwa kila galaksi. Kwa orodha safi zilichukuliwa zile zilizokubaliwa na asilimia 80 ya wapiga kura au zaidi. Mimi hupendelea kutumia sehemu ya kura yenyewe katika hesabu. Galaksi yenye 0.55 siyo spirali wala duaradufu iliyothibitishwa, na kuilazimisha iingie upande mmoja ni kuitupa taarifa ambayo watu wameitoa bure.

Wapiga kura hawalingani, ndiyo maana kura hupewa uzito. Katika awamu ya pili, kila mtu alipimwa kwa jinsi anavyokubaliana na wengine, kipimo kutoka 0 hadi 1. Aliyefikisha 0.6 au zaidi alihesabiwa kwa uzito kamili wa 1. Chini ya hapo, kipimo chake kiligawanywa kwa 0.6 na kupandishwa kwa kipeo cha 8.5. Mwenye 0.5 hubaki na uzito wa 0.21, mwenye 0.4 na uzito wa 0.03 tu. Ukali huo huanguka juu ya wachache sana, hasa programu zinazobonyeza ovyo na watu wanaojaribu vitufe. Idadi kubwa ya washiriki hawaguswi kabisa, na huo ni ushahidi mzuri kwa anayeshuku kwamba umma haujui kutazama.

Kuongeza kura hupunguza kosa la nasibu peke yake. Kosa linaloelekea upande mmoja halipungui hata ukipata kura bilioni.

La kwanza la aina hiyo ni umbali. Angahewa hutawanya picha kwa takriban sekunde 1.4 za tao, sekunde moja ya tao ikiwa sehemu ya 3,600 ya digrii. Kwa galaksi yenye mhamo mwekundu wa 0.03 (kipimo cha jinsi mwanga wake ulivyonyooka safarini, kinachokua kadiri galaksi ilivyo mbali), ukungu huo hufunika kama miaka ya nuru 2,700, na mikono huonekana. Kwa mhamo wa 0.1 hufunika kama 8,400, na mikono myembamba huyeyuka. Galaksi ileile, ikisogezwa mbali, hupoteza kura za spirali. Kutazama mbali ni kutazama zamani, kwa hiyo asiyejua hilo atatangaza kwamba zamani spirali zilikuwa chache, wakati kilichobadilika ni ukungu. Marekebisho yake hufanywa hivi: galaksi hupangwa katika makundi yenye ukubwa na mng'ao unaofanana, kisha uwiano wa spirali kwa duaradufu katika kila umbali hulinganishwa na ule wa karibu, na tofauti hutolewa kwenye kura. Nyuma yake kuna dhana kwamba ndani ya umbali huo galaksi za aina moja hazijabadilika sana. Kwa Sloan dhana hiyo inastahimili. Kwa darubini zinazoona mbali zaidi haistahimili, na hapo inabidi uchukue picha za karibu, uzififishe kwa kompyuta kana kwamba ziko mbali, uwape watu wazipigie kura na upime mwenyewe kiasi kinachopotea.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa liligusa kosmolojia, elimu ya ulimwengu kwa ujumla wake, moja kwa moja. Kanuni ya kosmolojia husema kwamba ulimwengu ukitazamwa kwa upana mkubwa haupendelei upande wowote. Spirali ninayoiona ikifuata mwendo wa saa, mtazamaji aliye ng'ambo yake ataiona kinyume. Kwa hiyo juu ya anga zima tunatarajia nusu kwa nusu. Kura ghafi za Galaxy Zoo zilionyesha ziada ya spirali za kinyume cha saa. Kama ziada hiyo ingekuwa ya angani, nguzo ya kosmolojia ingetikisika. Watafiti waliwarudishia watu baadhi ya picha zilezile zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo. Galaksi zikiwa ndizo chanzo, ziada ingehamia upande wa pili. Haikuhama: hata kwenye picha zilizogeuzwa, kinyume cha saa kiliendelea kuzidi. Chanzo kilikuwa upande wetu, iwe ni jicho, ubongo au jinsi mtu anavyochagua kitufe, na matokeo yakachapishwa hivyo 2008. Jaribio hilo liligharimu picha chache tu. Kila mradi unapaswa kuwa na kioo chake tangu siku ya kwanza, yaani picha ambazo jibu lake sahihi linajulikana au linatabirika, zimechanganywa na nyingine bila mpiga kura kuzitambua.

Sasa turudi kwenye rangi. Mwaka 2007 Hanny van Arkel, mwalimu wa Uholanzi, aliuliza kuhusu wingu la buluu aliloliona jirani na galaksi IC 2497. Hakukuwa na kitufe cha kitu kama hicho. Lilikuwa gesi yenye oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, ambayo hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 500.7. Kwa mhamo wake wa 0.05, mwanga huo hufika kwetu ukiwa nanomita 526, ndani ya kichujio cha g, ndiyo maana picha ililipaka buluu. Gesi hiyo iliangaziwa na shimo jeusi la galaksi jirani ambalo tangu hapo limefifia, na tunachokiona ni mwangwi wa mwanga wake wa zamani. Washiriki wengine walikusanya vinukta vya kijani wakaviita njegere. Ni oksijeni ileile: kwa mhamo kati ya 0.112 na 0.36, mwanga wake huo huangukia kichujio cha r, kilichopewa kijani. Njegere hizo ni galaksi ndogo zinazounda nyota kwa kasi kubwa, na leo hutumika kuelewa jinsi galaksi za mwanzo zilivyovujisha mwanga ulioivunja hidrojeni ya ulimwengu mchanga. Vyote viwili vilipatikana kwa sababu palikuwa na mahali pa kusema "hiki ni nini?" na mtafiti wa kujibu. Ukikosa muda wa kujibu, punguza idadi ya picha. Usiondoe mahali pa kuuliza.

Ufundi huu haukubaki angani. Kupitia Zooniverse, jukwaa lililozaliwa 2009 kutokana na Galaxy Zoo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliweka kamera 225 katika Serengeti, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, na kuupa umma picha za wanyama. Kanuni ya kusitisha kura iliwekwa wazi: picha huondolewa watu watano wa kwanza wakisema haina mnyama, au kumi kwa jumla wakisema hivyo, au kumi wakitaja mnyama mmoja, au kura zikifika 25. Ilipolinganishwa na majibu ya wataalamu, spishi zilikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 96. Nchini Uingereza, ambako athari kwa jamii ilichukua asilimia 20 ya tathmini ya utafiti wa vyuo mwaka 2014 na asilimia 25 mwaka 2021, ningependa hesabu za namna hiyo zizingatiwe kuliko idadi ya waliofungua tovuti.

Kura ghafi zikitolewa bure huendelea kufanya kazi. Katika shindano la 2013 na 2014, zaidi ya picha 61,000 zenye kura zake zilitumika kufundisha programu kukisia majibu 37. Aliyeshinda, Sander Dieleman, alitumia ukweli kwamba galaksi ikizungushwa hubaki galaksi ileile, akaifundisha akili mnemba yake kwa picha zilizozungushwa. Kama kungetolewa majibu ya mwisho tu, ya ndiyo na hapana, mashine isingejifunza kusema "sina hakika". Na kusema hivyo ndicho kinachohitajika sasa, kwa kuwa darubini kama Euclid, iliyorushwa Julai 2023, huleta galaksi nyingi kuliko macho yaliyopo. Mashine hupanga zilizo rahisi na kuwarudishia watu zinazoitatiza. Hapo naongeza sharti moja: sehemu ya picha wanazopewa watu ichaguliwe kwa bahati nasibu, zikiwemo zile ambazo mashine ina hakika nazo. Ukiwapa zenye shaka peke yake, hutajua kamwe ni mara ngapi mashine ilikosea huku ikijiamini.