Kreni ya tani 25 hainyanyui tani 25 pale unapojenga

Juzi nimepigiwa simu tena, safari hii kutoka Mbalizi, hapa Mbeya. "Injinia, paneli yangu nzito kuliko zote ina tani nne na nusu, na nimepata kreni ya tani 25. Sasa mpango wa kiwanja wa nini tena? Vipande vinakuja vimekamilika, kazi ni kupanga tu." Paneli anazosema ni vipande vya ukuta vya zege vinavyotengenezwa kiwandani, na mpango wa kiwanja ni mchoro wa wapi kreni, lori na vingine vitakaa. Nimeyasikia maneno haya mno, mzee wangu. Naandika ili nisiyajibu tena kwa simu.

Zile tani 25 ni uwezo wa kreni mzigo ukiwa karibu kabisa, kama mita 3 kutoka katikati inapozungukia. Hakuna anayesimamisha ukuta hapo. Miguu ya kreni, ile inayotandazwa pembeni isipinduke, imeshachukua nafasi. Kadiri mkono unavyokwenda mbali, uwezo unaporomoka. Ukifika mita 14, kreni nyingi za ukubwa huo hazifikishi tena tani 4. Na paneli ya mita 4 kwa 3, unene wa sentimita 15, ni mita 1.8 za ujazo wa zege: hizo ndizo tani nne na nusu zako. Ndoano na minyororo bado hujaipigia hesabu, na kreni inaibeba pia.

Halafu watu hupima hadi ukutani tu. Je, lori litasimama wapi? Paneli inaanza kunyanyuliwa pale kwenye lori, na kama lori limekwama getini mita 15 kutoka kwenye kreni, hukuinua kitu hata kama ukuta uko mita 8.

Kwa hiyo mimi huanza na kreni. Nakata duara la karatasi inayopitisha mwanga, kwa kipimo kilekile cha mchoro, ukingo wake ukiwa ndio mwisho wa umbali ambao kreni bado inabeba paneli nzito kuliko zote, nalisogeza juu ya ramani hadi limeze kona ya mbali na mahali pa lori kushushia. Ikiwa halimezi, nahamisha kreni au natafuta kubwa zaidi. Njia ya semitrela inafuata, kisha mahali pa kuhifadhi paneli. Ofisi, stoo na choo cha mafundi vitakaa palipobaki.

Sasa ardhi. Kuanzia Uyole kushuka hadi Tukuyu tuna udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, unaokunywa maji tangu mvua za Novemba. Kreni ya tani 25 yenyewe inakaribia tani 30, na ikigeukia upande mmoja na mzigo, mguu mmoja unaweza kubeba zaidi ya nusu ya uzito wote. Pale Uyole niliwahi kusimama kando ya mguu wa nyuma, paneli ikiwa hewani kimo cha goti. Juu palikuwa pakavu kabisa. Kiputo cha pimamaji ya kreni kikaanza kuhama, taratibu. Nikapiga kelele, dereva akaishusha. Tulipochimba, tulikuta choo cha zamani kilichofukiwa, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Tangu siku ile nawauliza majirani wazee kabla ya kuuliza michoro, na chini ya kila mguu naweka moramu iliyoshindiliwa na mataruma, yale magogo ya reli, juu yake. Mtaro ukiwa jirani, mguu ukae mbali nao angalau sawa na kina chake. Kwenye udongo wetu mimi huongeza.

Kuhifadhi nitasema kwa kifupi: paneli za ukuta zisimame kwenye fremu, zisilazwe, maana zikiinuliwa kutoka kulala zinaweza kupasuka. Itakayosimamishwa kwanza ipakiwe mwisho kwenye lori.

Ninapopata shida ni idadi ya paneli za kuweka kiwanjani. Vitabu vinasema paneli itoke kwenye lori iende moja kwa moja ukutani. Lakini mzigo ukitoka Dar es Salaam, lori moja likiharibika kwenye mlima wa Kitonga foleni inalala, huku kreni ya kukodi inahesabu siku zake. Nikiweka akiba ya siku mbili kiwanjani, akiba inakula nafasi ya kreni. Nimeshakosea kwa upande huu na kwa upande ule, na bado kila kiwanja nakiamua upya.

Mzee wa Mbalizi ameshapima. Kutoka alipotaka kreni isimame hadi kona ya mbali ni mita 16. Tumekubaliana shimo la maji taka, ambalo bado hajalichimba, lihamie nyuma, ili kreni isogee hadi mita 9 kutoka kona hiyo.