Mchezaji wa "ligi ndogo" katika hoki ya barafu ni nani?

Ukisikia "ligi ndogo" katika hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, usikimbilie kuifananisha na Ligi ya Championship ya Tanzania. Kwetu timu ikifanya vizuri hupanda daraja. Kule timu haipandi hata itwae kombe miaka mitano mfululizo. Anayepanda ni mchezaji, tena mmoja mmoja.

Juu kabisa ipo NHL (National Hockey League), ligi kuu ya hoki, yenye timu 32. Ligi ndogo ni zile zilizo chini yake. Ya kwanza ni AHL (American Hockey League), iliyoanza 1936, nayo ina timu 32, kila moja imefungamana na timu yake ya NHL: hapo ndipo vijana hunolewa na majeruhi hurejeshea makali. Ngazi inayofuata ni ECHL ya mwaka 1988, ambako mshahara hulipwa kwa wiki na klabu humpa mchezaji mahali pa kulala.

Mchezaji wa ligi hizi si wa ridhaa. Hoki ndiyo ajira yake. Wengi wa AHL wana mkataba unaoitwa wa njia mbili, yaani karatasi moja yenye mishahara miwili. Msimu wa 2024/25, kima cha chini cha NHL kilikuwa dola 775,000, na hesabu hupigwa kwa siku. Siku unayorudishwa chini unahesabiwa kiwango cha AHL, ambacho huweza kuwa sehemu ya kumi tu ya hicho. Beki wa timu ya NHL akivunjika kidole, simu yako inaita usiku na asubuhi uko uwanja wa ndege. Kidole kikipona, unafungasha tena. Hujakosea lolote.

Uzoefu nao una neno lake. Katika kila mechi ya msimu wa kawaida wa AHL, kati ya wachezaji 18 wa timu ukiacha makipa, angalau 13 lazima wawe wale wanaohesabiwa kuwa bado wanakuzwa, na kipimo ni idadi ya mechi walizokwisha cheza. Kwa hiyo uzoefu, ambao kwingine ni mtaji, hapa unakupunguzia nafasi.

Wapo waliomaliza maisha yao ya uchezaji humo humo na wakawa wakubwa. Willie Marshall alicheza AHL misimu 20, mechi 1,205, akafunga mabao 523, hakuna aliyemfikia. Mtu atauliza: mbona hakubaki juu? Enzi zake NHL ilikuwa na timu sita tu, hadi 1967, na nafasi zilikuwa za kugombaniwa. Alipata mechi 33 huko, zote katika jezi ya Toronto Maple Leafs, na bao moja.

Tangu 2004, mfungaji bora wa AHL hupewa tuzo yenye jina lake.